Kudurusu: Kutoka Ubaoni hadi Chumba cha Mtihani

Kudurusu, kukariri na kuhitimu, maneno ambayo mwanafunzi wa Afrika Mashariki huyatamka kila msimu wa mtihani, yana asili ya Kiarabu na yalizoeleka mwambao kupitia chuo, jina lililokuwa la madrasa ya Kurani kabla halijapewa taasisi za elimu ya juu. Katika vyuo vya Lamu, Mombasa na Unguja mtoto alianza kwa kuhijai, yaani kutaja herufi na irabu zake kwa sauti hadi neno likamilike, kisha akaingia Juzuu Amma, ambayo ni juzuu ya 30 na ya mwisho, akianzia sura fupi za mwishoni na kurudi nyuma. Aya ziliandikwa ubaoni kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, na kwa kawaida ubao haukuoshwa mpaka mtoto amsomee mwalimu bila kutazama. Aliyekwama alirudi jamvini na maandishi yale yale, hata kama wenzake wamekwisha kusonga mbele.

Kupimwa kulikuwa kwa kila siku, na marudio yalitawanyika kwa miaka. Faida ya mtawanyo huo ilionyeshwa na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, katika kitabu chake cha mwaka 1885. Udhaifu wa chuo, nao si mdogo, ni kwamba wengi walihitimu Msahafu wakiyajua matamshi bila maana.

Mitihani ya Cambridge, iliyofika pamoja na sekondari za kikoloni, iliupindua utaratibu huo, kwani hukumu ilisubiri mwisho wa masomo, na majibu yalisahihishwa Uingereza na watu wasiomjua mtahiniwa. Hapo kudurusu kukawa kazi ya majuma machache, ya kukesha na kubashiri maswali. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, Tanzania ikajitoa mwaka 1971 na kuanzisha Baraza lake kwa sheria ya mwaka 1973, lakini uzito wa karatasi ya mwisho ulibaki, hata TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ikaulalamikia katika Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kazi za mwaka mzima nazo zihesabiwe. Alama za kazi hizo zilianza kuhesabiwa, ingawa karatasi za miaka iliyopita hazikuacha kutafutwa. Na neno mtihani lenyewe halijaishia darasani: mwambao, aliyefiwa au aliyeunguliwa nyumba bado huambiwa kuwa amepata mtihani.