Mashine isiyo na betri: historia ya vali bandia ya mkojo

Wasomaji wangu, leo tuweke programu kando. Kuna mashine haina betri, haina waya, haina hata mstari mmoja wa msimbo, na bado ina mengi ya kutufunza sisi watengenezaji.

Tezi kibofu ikipata saratani, daktari anaweza kuiondoa yote. Shida ni kwamba tezi hiyo imepakana na msuli unaofunga mkojo. Msuli ukidhoofika, mzee huvuja akikohoa, akicheka au akiinua mzigo. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja. Wengine hawapati.

Mwaka 1947 Frederic Foley wa Marekani, yule yule ambaye mpira wa mkojo unaitwa kwa jina lake, alieleza mkanda wa kujazwa uliobana mrija wa mkojo. Ulivaliwa nje ya mwili.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1973, pale F. Brantley Scott wa Houston, pamoja na William Bradley na Gerald Timm, walipochapisha habari za kifaa kinachokaa chote ndani ya mwili. Toleo la kwanza, AS 721, lilikuwa na pampu mbili: moja ya kufunga, moja ya kufungua. Nyie mnajua: sehemu zikizidi, hitilafu nazo huzidi. Basi matoleo yaliyofuata yakapunguza sehemu, na mwaka 1983 ikaja AMS 800 yenye sehemu tatu tu: mkanda unaozunguka mrija, puto tumboni, na pampu ndani ya mfuko wa korodani.

Inafanyaje kazi? Mgonjwa anaminya pampu, maji yanatoka kwenye mkanda kwenda kwenye puto, anakojoa. Dakika chache baadaye puto linarudisha maji lenyewe na mkanda unafunga. Hali yake ya kawaida ni kufungwa, hata mtu akisahau.

Pampu ina kitufe cha kuacha mkanda wazi. Hutumika wiki kama sita baada ya upasuaji ili kidonda kipone.

Kitufe hicho kina kazi nyingine muhimu. Mpira wa mkojo ukiingizwa kwa nguvu mkanda ukiwa umefunga, mrija unaweza kuchanika. Kwa hivyo mzee mwenye kifaa hiki lazima amwambie kila daktari na muuguzi. Nasi tulio nyumbani tujue pia, maana siku akipoteza fahamu, sisi ndio tutakaoulizwa.