Tambi Husafiri, Mchuzi Hubaki

Wengi tumesimuliwa kwamba Marco Polo ndiye aliyezitoa tambi Uchina akazipeleka Italia. Simulizi tamu, lakini haina miguu. Polo alirejea Venice mwaka 1295. Mwaka 1279, mwandishi wa hati za sheria mjini Genoa alikuwa ameshaorodhesha mali ya askari mmoja, na katika orodha hiyo mna kikapu kilichojaa makaroni. Jarida la wenye viwanda vya tambi Marekani, Macaroni Journal, ndilo lililoivumisha habari ya Polo mwaka 1929. Waliokuwa wakiliandika walikuwa na bidhaa ya kuuza.

Wachina walitangulia, tena kwa mbali. Mwaka 2005 watafiti walieleza katika jarida la Nature habari za bakuli lililofukuliwa Lajia, kaskazini-magharibi mwa Uchina, likiwa limepinduka kifudifudi chini ya mita 3 za udongo. Ndani mlikuwa na tambi nyembamba za manjano, ndefu kupita sentimita 50, zenye umri wa miaka 4,000 hivi. Hazikuwa za ngano, bali za nafaka ndogo zinazoshabihi ulezi.

Tambi za Italia, hata hivyo, zina ukoo wao, nao unapita kwa Waarabu. Mwaka 1154 Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyemtumikia Roger II, mfalme Mkristo wa Sicily, aliandika juu ya Trabia, mji mdogo karibu na Palermo. Huko, alisema, kulikuwa na vinu vilivyoendeshwa kwa maji, na tambi zilizoitwa itriyya zilitengenezwa kwa wingi, zikapakiwa merikebuni kwenda Calabria na nchi nyingine, za Waislamu na za Wakristo. Kilichowezesha biashara hiyo ni ngano ngumu. Unga wake hukandwa kwa maji matupu, na tambi zake zikianikwa zikakauka sawasawa hukaa miezi na miezi bila kuota ukungu. Ni chakula cha baharia.

Mchuzi hauna bahati hiyo. Siku mbili tu, umechacha. Kwa hiyo kila bandari tambi zilikotia nanga zilitegemea chungu cha wenyeji, na kwa maoni yangu historia ya chakula hiki imo zaidi katika mchuzi kuliko katika unga. Hata Naples, wachuuzi wa barabarani waliwauzia watu tambi zilizonyunyiziwa jibini tu, nao wakazila kwa mikono. Nyanya ilishafika kutoka Amerika, lakini ilikawia kukaribishwa. Antonio Latini alichapisha maelekezo ya sosi ya nyanya huko Naples katika miaka ya 1690 bila kuihusisha na tambi. Sahani ile nyekundu ya tambi na nyanya, inayodhaniwa kuwa ya kale kama Roma yenyewe, ina umri wa karne mbili na ushei.

Mashariki nako mchuzi hubadilika na bandari. Penang, nchini Malaysia, laksa ni tambi za mchele katika mchuzi wa samaki uliokolea ukwaju. Kwingine nchini humo, na Singapore, laksa ni ya tui la nazi na kamba. Mpishi wa Lamu au Tanga hangehitaji mkalimani katika jiko hilo.

Karibu na kwetu zaidi ni Somalia. Waitalia waliotawala kusini mwake walileta tambi, na wakalima ndizi kando ya mito Shabelle na Juba ili waziuze Ulaya. Wakoloni waliondoka, baasto ikabaki. Lakini mchuzi wake, suugo, hautambuliki tena Italia: nyama iliyokatwa vipande vidogo, nyanya, na xawaash, mchanganyiko wa bizari nyembamba, giligilani, iliki, mdalasini na pilipili manga. Pembeni huwekwa ndizi mbivu, nzima. Mlaji huimenya, huikata kipande, hukikunja pamoja na tambi na kukitia kinywani. Asiyezoea hushangaa, hasa mara ya kwanza katika mkahawa wa Kisomali Eastleigh, Nairobi. Mwenye kuzoea huuliza ndizi iko wapi.

Pwani yetu ilichagua utamu. Tambi hukaangwa kwa mafuta au samli hadi zipige wekundu, kisha hutiwa tui, sukari, iliki na zabibu kavu, zikaliwa wakati wa kufuturu. Kuwait na Bahrain wana balaleet, tambi tamu za iliki zinazofunikwa kwa yai la kukaanga. Bara Hindi nako huzipika kwa maziwa na sukari siku ya Idi. Bahari ni ileile.

Mwaka 1958, huko Japani, Momofuku Ando alizitia tambi ladha ya supu ya kuku, akazikaanga zikauke, akaziuza zikiwa tayari kumwagiwa maji ya moto. Hapo mchuzi nao ukapanda meli. Leo umo ndani ya kipakiti cha unga katika kila duka la mtaani, Mombasa hadi Bujumbura, na bado wapishi wengi huanza kwa kukaanga kitunguu na nyanya zao wenyewe.