Salem, Mji wa Merikani

Merikani ilikuwa nguo ya pamba, nzito na ngumu, isiyotiwa rangi wala kupaushwa. Bara ilipita kama fedha: wapagazi walilipwa kwayo, na hongo, yaani ushuru wa kupita, ikatolewa kwayo katika njia ya misafara hadi Ujiji. Majora hayo yalifika Unguja kwa merikebu zilizotoka hasa Salem, bandari ndogo ya Massachusetts, kaskazini ya Boston.

Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akaja Unguja kuwa balozi mdogo. Balozi huyo alikuwa pia mfanyabiashara, akishirikiana na Jairam Shivji, mkuu wa forodha. Merikebu zilirudi na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Sandarusi, utomvu mgumu wa miti, ilifika na ganda la mchanga. Huko Salem ilioshwa na kusuguliwa mpaka uso wake ukatokeza vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, kisha ikauzwa kwa watengenezaji wa vanishi.

Lakini bandari ya Salem ilikuwa na kina kifupi, na merikebu zilizidi kuwa kubwa. Biashara ikahamia Boston na New York, na matajiri wa mji wakageuza fedha zao kuwa kiwanda. Kampuni ya Naumkeag, iliyoundwa mwaka 1839, ilianza kufuma mwaka 1847. Viwanda vya mji wa Lowell vilitegemea maporomoko ya mto. Salem ilitumia mvuke, na makaa yakaletwa kwa bahari hadi mlangoni. Pamba ilitoka Kusini mwa Marekani, ikilimwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 na kukata njia hiyo, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake.

Kiwanda kilihitaji mikono. Waairishi waliokimbia njaa ya viazi waliingia zaidi katika viwanda vya ngozi. Wakanada wasemao Kifaransa, kutoka Quebec, walijaa mtaa wa Point, kando ya Naumkeag, katika nyumba za mbao za ghorofa zilizobanana. Wapolandi walipanga vyumba barabara ya Derby, humo humo katika majumba ya manahodha wa zamani yaliyokatwa vipande vipande. Jirani na hapo, mwaka 1910, Caroline Emmerton alifungua nyumba ya kale kwa watalii, na viingilio vikagharamia masomo ya wahamiaji.

Tarehe 25 Juni 1914 moto ulizuka katika kiwanda cha ngozi chenye kemikali. Upepo ukaubeba hadi Point. Majengo 1,376 yaliteketea, Naumkeag ikiwamo, pamoja na kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakanada hao. Maelfu walipoteza nyumba na kazi siku moja. Nyumba mpya nyingi za Point zilijengwa kwa matofali.

Kiwanda kilijengwa upya na kufuma mashuka ya kitanda, maarufu kwa jina la Pequot. Mwaka 1933 wafanyakazi waligoma, wakikataa kuongezewa mitambo ya kuhudumia. Kilifungwa mwaka 1953, kazi ikahamia Kusini, karibu na mashamba ya pamba. Majengo yamesimama bado, yamepangishwa kwa ofisi na biashara nyingine, na huko Point Kifaransa kimepisha Kihispania cha wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika.