Nyama Inayokuja na Damu Yake

Msomaji mwenzangu, mionzi inaua kansa, lakini ina gharama yake. Inaharibu vijishipa vya damu, ngozi inakakamaa, na kidonda kikitokea hapo hakifungi upesi. Ukibandika ngozi nyembamba juu yake ni kama kupanda mche juu ya mwamba: utanywa nini?

Jibu ni kuleta nyama yenye mishipa yake. Mwaka 1906 Iginio Tansini wa Italia alishaonyesha njia. Alichukua msuli wa mgongo pamoja na ngozi yake, akauzungusha bila kuukatia damu, akafunika kifua kilichoondolewa titi. Lakini Halsted, bingwa wa Marekani, alipinga kuziba kifua namna hiyo, na wengi wakamfuata. Njia ikasahauliwa. Mwaka 1976 Olivari wa Ujerumani akaifufua, akitibu vifua vilivyoharibiwa na mionzi. Mwaka 1982 Hartrampf wa Atlanta akatumia nyama ya tumbo.

Miaka 70, jamani! Hebu jiulize ni wanawake wangapi walikaa na vidonda vyao na huku dawa imelala maktaba. Ndiyo maana nasema, kuandika peke yake hakutoshi. Lazima apatikane wa kusoma.