Habari za Malale Kando ya Ziwa Nyanza

Katika kitabu hiki cha Yubilei twasoma habari za makanisa yaliyojengwa na watu waliobatizwa. Yafaa tuvikumbuke pia vijiji vilivyoachwa vikawa msitu.

Mwaka 1901 Daktari Albert Cook na nduguye Jack, katika hospitali ya misioni huko Mengo, waliwaona wagonjwa wa malale, ugonjwa ambao haujajulikana bado katika Uganda. Mgonjwa huanza kwa homa, tezi za shingo zikavimba, hata mwisho husinzia mchana na chakula kingali mkononi. Waganda waliuita mongota. Hata ulipofika mwaka 1905, waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya 200,000. Huko Kisubi Mapadre Weupe waliwatunza wagonjwa, walakini kutunza siko kuponya.

Mwaka 1903 David Bruce alionyesha ya kuwa mbung'o ndiye achukuaye vidudu vya malale, naye hukaa katika vichaka vyenye kivuli karibu na maji. Basi shauri likawa gumu. Dawa ya hakika haikuwako, na vichaka vya pwani yote havikuweza kufyekwa. Palifyekwa penye vivuko tu, maana mbung'o hapendi jua kali. Kwa hiyo tangu mwaka 1906 Hesketh Bell, mkuu wa serikali ya Uganda, aliamuru watu wahame, wakae mbali na ziwa kadiri ya maili 2. Hata kufika mwaka 1909 watu wa visiwa vya Sese waliondolewa nao.

Tusiseme upesi kwamba amri ile ilikuwa mbaya. Aliyebaki aliumwa na mbung'o akafa. Lakini aliyeondoka aliacha migomba, mitumbwi na makaburi ya wazee wake, wala hakuulizwa neno. Mvuvi aliambiwa akalime nchi asiyoijua: ameokoka malale, lakini njaa je?

Tena katika Sese alikuwako Robert Koch, mganga mashuhuri wa Ujerumani, miaka ya 1906 na 1907, akiwadunga wagonjwa sindano ya atoksili, dawa iliyo na aseniki ndani yake. Kwanza walipata nafuu, wakaja kwa wingi. Vidudu viliporudi katika damu, akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakapofuka, wasione tena. Ndipo akakipunguza. Sisi twaamini ya kuwa kipimo kiliongezwa kwa hamu ya kuponya, si kwa ukatili. Hata hivyo, aliyeichukua hatari ile mwilini mwake ni mgonjwa peke yake, naye hakuelezwa yaliyomo katika ile chupa.

Baada ya miaka ipatayo kumi watu waliruhusiwa kurudi visiwani. Walikuta msitu umemeza migomba, na wengi hawakurudi kamwe.