Mchanga au Kioo Kitupu? Historia ya Sakafu ya Tangi la Matumbawe

Leo naweka misimbo ya programu kando kidogo, ingawa mtaona sijaenda mbali. Swali ni hili: ukiwa na tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai, chini utandaze mchanga au uache kioo kitupu? Ubishi huu ni wa miaka mingi, na ukiufuatilia utagundua kwamba watu hubishania taka. Je, zishughulikiwe humo humo tangini, au zitolewe kabla hazijaoza?

Tuanze na taka zenyewe. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaotumia oksijeni huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Miaka ya 1960 na 1970 wafugaji wengi walitumia chujio la chini ya changarawe, yaani sahani ya plastiki yenye matundu, changarawe juu yake, na maji yakivutwa kupita humo. Bakteria walipata oksijeni tele na amonia ikaisha. Lakini kazi iliishia kwenye nitrati, nayo ikazidi kurundikana. Samaki wengi waliivumilia, ila matumbawe mengi yalishindwa.

Njia nyingine ilikuwapo. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyotunza viumbe wa baharini kwa mawe hai, yaani mawe ya mwambani yenye viumbe wake, pamoja na mapovu ya hewa tu. Baadaye, hasa miaka ya 1980, wafugaji wa Berlin kama Dietrich Stüber waliongeza taa kali na mtambo wa povu. Mtambo huo hunasa taka kwa mapovu madogo na kuzitoa kabla hazijaoza. Kwa mfumo huo mchanga haukuwa wa lazima.

Wakati huo huo Jean Jaubert, akifanya kazi Monaco, aliukumbatia mchanga. Aliutandaza kwa unene juu ya sahani yenye matundu, chini yake akaacha nafasi ya maji yaliyotulia, bila pampu ya kuyavuta. Kina kinapoongezeka oksijeni hupungua, na huko bakteria wengine hugeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ambayo hutoka majini ikaenda zake. Jaubert alipewa hataza ya Marekani mwaka 1991.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ron Shimek, mtaalamu wa wanyama wa baharini, alipigia debe mchanga mnene wa sentimita 10 au zaidi bila hiyo nafasi ya chini. Minyoo na wadudu wadogo ndio wangeufukua. Wengi wakafuata. Halafu miaka ya 2000 upinzani ukazuka: nitrojeni huondoka kama gesi, lakini fosfati haina mlango huo. Hujishika kwenye mchanga na kubaki. Wapinzani wakarudi kwenye kioo kitupu, mikondo mikali na kufyonza uchafu.

Sisi waandika programu tunaijua hali hii. Seva inayohifadhi kila kitu hufanya kazi vizuri hadi diski inapojaa. Tofauti ni kwamba seva utaiwasha upya, ila tumbawe likifa limekufa, na huenda lilitolewa baharini. Tena mchanga mnene wa zamani ukivurugwa ovyo unaweza kuachia gesi yenye sumu.

Kwa hiyo kioo kitupu ndicho jibu? Si kwa kila mtu. Wapo samaki wanaojifukia mchangani kulala, na hao kuwanyima mchanga ni kuwatesa. Kwangu, uamuzi uanze na kiumbe unayetaka kumfuga. Matumbawe yanayopenda mikondo mikali yanafaa kwenye kioo kitupu, kwani mchanga ungepeperushwa na kuyafukia. Samaki wa mchangani apewe mchanga, na mwenye tangi akubali kwamba amejiwekea ghala ambalo lazima lisafishwe.

Wewe ungechagua upi?