Asili ya Kazi ya Wahudumu Rika wa Afya ya Akili

Mhudumu rika wa afya ya akili ni mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili, akapata nafuu, kisha akafunzwa ili awasaidie wanaopita katika njia ileile. Na nafuu inayokusudiwa hapa si lazima iwe kutoweka kwa dalili zote, bali ni mtu kurudi kuyaendesha maisha yake, awe anatumia dawa au hatumii. Historia ya kazi hii huanza kusimuliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 20, serikali ilipokubali kuilipia, lakini desturi yenyewe ilikuwapo hospitalini zaidi ya miaka 200 iliyopita, haina jina wala cheti.

Jean-Baptiste Pussin, mtengeneza ngozi kutoka Lons-le-Saunier nchini Ufaransa, alilazwa mwaka 1771 katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, akiugua kifua kikuu cha tezi za shingo; alipopona akaajiriwa papo hapo, na katika miaka ya 1780 akakabidhiwa wodi ya wanaume wenye maradhi ya akili, akiendesha shughuli zake pamoja na mkewe, Marguerite. Kwa kuwa ugonjwa wake haukuwa wa akili, Pussin hawezi kuitwa mhudumu rika kwa maana kamili. Umuhimu wake umo katika uchaguzi wa wasaidizi, maana alipendelea kuwaajiri watu waliopata nafuu katika wodi yake. Daktari Philippe Pinel, aliyefika Bicêtre mwaka 1793, aliusifu utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1801, akieleza kwamba watu hao walichukia ukatili kwa sababu walikumbuka yaliyowapata wao wenyewe. Minyororo ya wodi hiyo iliondolewa na Pussin mwaka 1797, Pinel akiwa ameshahamia Salpêtrière, na badala yake likatumika koti la kufunga mikono, jambo ambalo wachoraji wa karne ya 19 waliochora tukio hilo, wakimweka Pinel katikati ya picha, hawakuona haja ya kulionyesha.

Uzi wa pili wa historia hii haukuanzia kwenye ajira, ulianzia kwenye malalamiko. Nchini Uingereza, John Perceval, mtoto wa waziri mkuu aliyeuawa mwaka 1812, alizuiliwa katika nyumba za wagonjwa wa akili kati ya 1831 na 1834, na mwaka 1845 akashiriki kuanzisha chama cha kuwatetea waliozuiliwa kama yeye. Madai hayo yaliibuka upya Marekani katika miaka ya 1970, na Judi Chamberlin, aliyelazwa hospitalini mwaka 1966, alitetea katika kitabu chake cha 1978 huduma zinazoendeshwa na wagonjwa wenyewe, nje ya mamlaka ya madaktari.

Ni ajabu kidogo, basi, kwamba matunda ya vuguvugu hilo yalikomaa ndani ya ofisi za serikali. Mwaka 1999 jimbo la Georgia lilipata idhini ya kuilipia huduma rika kupitia Medicaid, mpango wa umma unaogharimia matibabu ya watu wenye kipato kidogo, na mwaka 2001 likaanza kuwafunza na kuwathibitisha wahudumu kwa mtihani. Agosti 2007 serikali kuu iliyapelekea majimbo barua yenye masharti matatu: mhudumu awe na msimamizi mwenye ujuzi wa afya ya akili, huduma yake iwe sehemu ya mpango wa matibabu wa mhusika, na awe na mafunzo yaliyothibitishwa. Fedha zilileta mshahara, na mshahara ukaleta fomu za kujaza.

Mafunzo hayo humfundisha mhudumu kusikiliza bila kuamuru, kutunza siri, kutambua hatari ya mtu kujidhuru, na hasa kusimulia maisha yake kwa kiasi, ili simulizi imfae msikilizaji wala isiwe ya kumpunguzia msimulizi mzigo wake. Ugumu huanza baada ya cheti, kwa sababu mhudumu aliye peke yake kati ya wauguzi na madaktari huanza taratibu kusema kwa lugha yao, akiwahesabia wenzake dalili, mpaka kile alichoajiriwa kwa ajili yake kinapotea. Kwa hiyo msimamizi anayefuatilia mahudhurio tu hamsaidii. Anayemsaidia ni yule anayemlinda asigeuzwe muuguzi msaidizi au tarishi wa kubeba mafaili, tena anayemwekea nafasi ya kukutana na wahudumu wenzake.

Mwaka 2018 mradi wa UPSIDES, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuratibiwa kutoka Ulm nchini Ujerumani, uliziingiza Kampala na Dar es Salaam katika utafiti wa huduma hii, pamoja na miji ya Ujerumani, Israeli na India. Neno rika lilikuwa limeshazoeleka Tanzania kupitia waelimisha rika wa Ukimwi, japo katika matumizi ya kila siku rika hufikiriwa kuwa umri. Katika jamii zenye jando, hata hivyo, rika ni wale waliotiwa jandoni pamoja, na mwaka wa kuzaliwa hauulizwi sana. Wahudumu hawa wako karibu zaidi na maana hiyo.